Ibn Khaldun na Bakora ya Chuoni

Abdulrahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, akahifadhi Kurani angali mdogo. Tauni ya mwaka 1348 iliwachukua wazazi wake na wengi wa walimu wake. Alitumikia masultani, akaonja jela, na mwaka 1377 akaandika Mukadima. Humo alieleza kuwa mtoto alelewaye kwa mapigo na vitisho hunywea moyo, huwa mvivu, na hujifunza uwongo na hila ili aepuke bakora. Ukubwani hila hiyo huwa ndiyo tabia yake. Akishika kauli ya Ibn Abi Zaid, alisema mwalimu akilazimika kupiga asizidishe fimbo tatu. Alifariki Cairo mwaka 1406, akiwa kadhi wa Kimaliki. Wazazi na walimu, tuyazingatie hayo kabla ya kuinua mkono.