Tom Morris: Mwana wa mfumaji aliyeugeuza mchanga wa pwani kuwa mali

Mwishoni mwa miaka ya 1840, katika mji mdogo wa St Andrews, pwani ya mashariki ya Uskoti, mafundi wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi waligombana kwa sababu ya mpira. Mmoja alikuwa Allan Robertson, mwenye karakana, ambaye pia alihesabiwa kuwa mchezaji bora wa gofu wa wakati wake. Mwingine alikuwa Tom Morris, aliyejifunza kazi mikononi mwake. Robertson aliona bidhaa mpya inakuja kuua biashara yake. Morris aliona bidhaa hiyohiyo inakuja kuleta wateja.

Waliachana. Kuachana huko ndiko kulikomtoa Morris kwenye karakana ya mtu na kumwingiza katika kazi iliyomfanya ajulikane hadi leo: kutengeneza viwanja vya gofu kandokando ya bahari, kuanzia St Andrews hadi pwani ya Ireland inayotazama Atlantiki.

Ardhi ya sungura

Morris alizaliwa St Andrews tarehe 16 Juni 1821, mtoto wa mfumaji wa nguo. Mwaka huohuo ndipo ulipomalizika mgogoro mrefu wa ardhi katika mji wake. Kati ya mashamba na bahari kulikuwa na eneo la mchanga, matuta na nyasi fupi, lisilofaa kwa kilimo. Wenyeji walilitumia kwa malisho, kuanika nguo na kucheza gofu. Mwishoni mwa karne ya 18, baraza la mji lililoelemewa na madeni liliiacha ardhi hiyo iangukie mikononi mwa wafanyabiashara waliofuga sungura. Sungura walichimba mashimo kila mahali, wachezaji wakawaua, na kesi zikaenda mahakamani kwa miaka. Mwaka 1821 mwenye ardhi jirani, James Cheape wa Strathtyrum, aliinunua na kuilinda kwa ajili ya gofu.

Ukanda wa namna hiyo unapatikana sehemu nyingi za pwani ya Uskoti. Mchanga hunyonya maji ya mvua haraka, nyasi zake hubaki fupi na ngumu, na upepo wa bahari hauishi. Mkulima hana haja nao. Morris alitumia maisha yake yote kuonyesha kwamba ardhi ambayo mkulima ameikataa inaweza kuulisha mji mzima.

Manyoya na utomvu

Kazi aliyojifunza kwa Robertson ilikuwa kutengeneza mipira ya manyoya. Fundi alishona mfuko mdogo wa ngozi, akauingiza manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kiasi cha kujaza kofia ndefu ya bwana mkubwa, kisha akashona tundu la mwisho. Yakikauka, manyoya yalitanuka na ngozi ikakaza, mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi hodari alitoa mipira mitatu au minne kwa siku. Bei ilikuwa kubwa, na mpira ukilowa maji uliharibika, au ulipasuka kwa pigo moja baya.

Kisha ikaja bidhaa kutoka mbali. Katika miaka ya 1840 meli zilianza kuleta Uingereza gutapacha, utomvu wa miti ya rasi ya Malaya uliosafirishwa kupitia soko la Singapore. Ukiulainisha kwa maji ya moto, unaufinyanga kwa mikono; ukipoa, unakuwa mgumu. Utomvu huohuo ulitumika kuzifunika nyaya za simu za chini ya bahari, zikiwemo zile zilizofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Mpira wa gofu wa gutapacha uliuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mpira wa manyoya. Ukivunjika, unauchemsha na kuufinyanga upya.

Robertson aliupinga kwa nguvu zake zote. Inasimuliwa kwamba alinunua mipira hiyo kila ilipookotwa vichakani na kuichoma moto. Siku moja Morris aliishiwa mipira uwanjani, akaazima mmoja wa gutapacha kwa mchezaji mwenzake. Habari zilimfikia bosi kabla Morris hajarudi karakanani. Walirushiana maneno, na Morris akaenda kuanzisha karakana yake mwenyewe.

Soko halikumsubiri Robertson. Mpira rahisi uliwaingiza kwenye gofu watu ambao awali wasingeweza hata kununua mpira mmoja, na idadi ya wateja ikapanda kuliko manyoya yalivyowahi kuileta. Muda si mrefu Robertson naye akawa anaitengeneza mipira aliyokuwa akiichoma. Alifariki mwaka 1859.

Miaka ya Prestwick

Mwaka 1851 Morris alihamia Prestwick, pwani ya magharibi, kwa mwaliko wa Kanali James Ogilvie Fairlie, aliyetaka uwanja mpya kwa ajili ya klabu yake. Akiwa na mke wake Agnes na mtoto mchanga, alianza kazi kwenye kipande kidogo cha ardhi kati ya reli na bahari. Alikitazama kilivyo, akapitisha njia za mchezo juu ya matuta na katikati ya mabonde, akapata mashimo 12. Hakuwa na mitambo ya kusawazisha kilima. Alitafuta mahali ambapo upepo na mchanga vilikwisha kufanya kazi, akaweka shimo hapo.

Huko ndiko anakosemekana kugundua siri ya nyasi. Toroli la mchanga lilimwagika kwa bahati mbaya kwenye eneo la nyasi fupi linalozunguka shimo, na baadaye akaona nyasi za pale zimestawi kuliko kwingine. Tangu hapo mchanga ukawa mbolea yake, na watunzaji wa viwanja wanautumia mpaka sasa.

Tarehe 17 Oktoba 1860 klabu ya Prestwick iliandaa shindano la wachezaji wa kulipwa. Walijitokeza wanane tu, na zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi nyekundu. Willie Park wa Musselburgh alishinda kwa mikwaju 174, Morris akawa wa pili kwa 176. Shindano hilo dogo ndilo mwanzo wa mashindano ya wazi ya Uingereza, ya zamani kuliko yote katika gofu. Morris aliyashinda mwaka 1861, 1862, 1864 na 1867. Ushindi wa mwisho aliupata akiwa na umri wa miaka 46, na hakuna aliyeshinda akiwa na umri mkubwa zaidi hadi leo.

Ujira wa fundi

Katikati ya miaka ya 1860 St Andrews ilimwita nyumbani kuutunza uwanja wake uliochakaa. Mshahara ulikuwa pauni 50 kwa mwaka, na vifaa vya kazi vilikuwa toroli, beleshi na sepetu. Alifungua duka la fimbo na mipira lililotazamana na shimo la 18, na kwa miaka karibu 40 aliishi kati ya duka na uwanja. Alitengeneza upya maeneo ya shimo la kwanza na la mwisho, akapunguza vichaka, akapanua njia. Jumapili uwanja ulifungwa. Mzee wa kanisa huyo aliamini kwamba ardhi nayo inahitaji kupumzika.

Reli zilipoenea, miji ya pwani ilianza kumtafuta. Alikwenda Carnoustie, Machrihanish, ambako leo mchezaji anaanza kwa kupiga mpira juu ya ufukwe wa Atlantiki, na Muirfield, uwanja uliofunguliwa mwaka 1891. Dornoch, kaskazini ya mbali, alifika mwaka 1886, miaka 16 kabla ya reli kufika mji huo. Kwa uwanja wa Newcastle, chini ya milima ya Mourne katika Ireland ya kaskazini, klabu ilitenga mwaka 1889 gharama zisizozidi gini 4, yaani pauni 4 na shilingi 4. Mwaka 1894 alikwenda Lahinch, magharibi mwa Ireland, na mashimo mawili aliyoyaficha kati ya matuta huko bado yanachezwa.

Faida kubwa waliivuna wengine. Mwaka 1899 uwanja wa Cruden Bay, aliouchora pamoja na Archie Simpson, ulifunguliwa na kampuni ya reli ya Great North of Scotland sambamba na hoteli yake. Kampuni ilijua kwamba mcheza gofu ananunua tiketi ya treni, kitanda, chakula na mipira. Mwenye hoteli, mwenye mgahawa na kijana anayebeba fimbo wote walikula kutokana na mchanga uleule. Aliyeuchora alilipwa siku zake za kazi akarudi dukani.

Ujuzi wake nao ulivuka bahari. Donald Ross, seremala kijana kutoka Dornoch, alikuja St Andrews kujifunza kwake, kisha mwaka 1899 akahamia Marekani. Huko alichora mamia ya viwanja, ukiwemo ule mashuhuri wa Pinehurst namba 2.

Krismasi ya 1875

Mwanawe, aliyeitwa Tom kama yeye, alimpita baba. Alishinda mashindano ya wazi mwaka 1868 akiwa na miaka 17, akarudia 1869 na 1870. Baada ya ushindi wa tatu mfululizo mkanda ukawa mali yake, na mwaka 1871 hakukuwa na shindano. Mwaka 1872 shindano liliporudi, akashinda tena.

Septemba 1875 baba na mwana walikuwa North Berwick wakicheza dhidi ya ndugu wawili wa ukoo wa Park. Mchezo ukikaribia kwisha, iliingia telegramu kwamba mke wa kijana, Margaret, yuko katika uchungu wa kuzaa na hali yake ni mbaya. Walimaliza, wakashinda, wakapanda mashua kuvuka ghuba usiku. Mama na mtoto hawakupona. Kijana alidhoofika miezi iliyofuata, na asubuhi ya Krismasi alikutwa amekufa kitandani. Alikuwa na miaka 24.

Agnes alifariki mwaka uliofuata. Mzee Tom aliwazika watoto wake wote, mmoja baada ya mwingine. Aliendelea kuoga baharini, kufungua duka na kucheza. Alishiriki mashindano ya wazi hadi uzeeni.

Alichoacha

Alistaafu kazi ya uwanja mwaka 1903. Mwaka mmoja kabla, Sandy Herd, mwenyeji wa St Andrews, alikuwa ameshinda mashindano ya wazi kwa mpira mpya kutoka Marekani uliosokotwa kwa nyuzi za mpira. Gutapacha, iliyomtenganisha na Robertson, nayo ikaondoka sokoni.

Mei 1908 Morris alianguka kwenye ngazi za klabu mjini kwake, akafariki tarehe 24 akiwa na miaka 86. Alizikwa jirani na mwanawe katika viwanja vya kanisa kuu lililobomoka.

Ardhi ya sungura ilirudi mikononi mwa mji kwa sheria ya bunge ya mwaka 1894, na bado ni mali ya umma. Wageni hulipa kucheza humo na fedha hubaki mjini. Shimo la 18 linaitwa Tom Morris. Jumapili mchezo husimama kama alivyotaka, na wenyeji huja kutembea na watoto na mbwa wao.