Henry Molaison: Upasuaji ulipunguza kifafa, ukaondoka na kumbukumbu

KATIKA vijiji vya Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi Lunga Lunga na Kinango, kifafa ni ugonjwa unaofahamika sana lakini unaotibiwa kwa nadra. Mama humficha mtoto asikaribie moto wa kuni, na nahodha husita kumpakia chomboni kijana anayeanguka. Wapo wanaosema ni mapepo, wapo wanaosema amerogwa, na wengi hufika kwa mganga kabla ya kufika hospitalini.

Mzazi aliyechoka kumwona mwanawe akianguka huwa radhi kukubali tiba yoyote anayoahidiwa. Hali hiyo haina taifa. Iliikuta pia familia moja ya Marekani, na kisa cha mwana wao ndicho kilichowafunza matabibu duniani kwamba kukoma kwa kifafa si kipimo pekee cha uponyaji.

Henry Gustave Molaison alizaliwa tarehe 26 Februari 1926 mjini Manchester, jimbo la Connecticut. Alikuwa mwana wa pekee wa fundi umeme Gustave na mkewe Elizabeth. Utotoni alipata ajali ya baiskeli, na baadhi ya jamaa za babake walikuwa na kifafa; haikupata kuthibitishwa ni lipi kati ya hayo mawili lililomletea ugonjwa.

Vishindo vidogo vilimwanza akiwa na umri wa miaka 10. Siku alipotimiza miaka 15, akiwa ndani ya gari na wazazi wake, alianguka kifafa kikubwa kwa mara ya kwanza. Shuleni alidhihakiwa hata akaacha masomo kwa muda, akaja kuhitimu mwaka 1947 akiwa na miaka 21. Alifanya kazi za viwandani, lakini kufikia miaka 27 hakuweza tena kudumu kazini, ijapokuwa alikuwa akimeza dawa nyingi.

Mwaka 1953, daktari William Beecher Scoville wa Hospitali ya Hartford alimfanyia upasuaji ambao yeye mwenyewe aliuona kuwa wa majaribio. Alitoboa mashimo mawili juu ya macho, akaondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, kushoto na kulia. Miongoni mwa alivyoviondoa ni sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Jina hilo limetokana na farasi wa baharini, yule kiumbe mdogo aishiye kwenye nyasi za bahari, kwa sababu umbo lao linafanana.

Kifafa kilipungua sana, ingawa hakikwisha kabisa. Hata hivyo, Henry hakuweza kuikumbuka njia ya kwenda msalani wala kuwatambua wauguzi waliomhudumia kila siku. Tangu hapo, karibu kila jambo jipya lilimtoka akilini mara tu alipogeuza fikira zake kwingine.

Mwaka 1955 mwanasaikolojia Brenda Milner alisafiri kutoka Montreal, Kanada, kwenda kumpima. Henry alipoulizwa tarehe, alitaja Machi 1953, na umri wake akasema ni miaka 27. Walakini alama zake za akili zilikuwa 112, juu ya wastani. Alizungumza kwa adabu, alipenda mzaha, na aliyakumbuka mengi ya utotoni. Milner na Scoville waliuchapisha uchunguzi wao mwaka 1957, na tangu hapo wanasayansi wakamjua Henry kwa herufi mbili tu, H.M., ili kumsitiri.

Katika jaribio jingine, Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono wake uliboreka, ilhali yeye alidhani kila mara kuwa anaanza upya. Hapo ndipo ilipobainika kuwa kumbukumbu si moja. Ile iuongozayo mkono wa msusi wa ukili imehifadhiwa mahali tofauti na ile itunzayo habari za jana.

Kuanzia mwaka 1962 alichunguzwa pia na Suzanne Corkin, ambaye baadaye alikuwa profesa katika chuo cha MIT. Walikutana kwa zaidi ya miaka 40, na Henry hakumjua mtafiti huyo hata siku moja. Alidhani labda waliwahi kusoma pamoja. Babake alipofariki, msiba ule haukutulia akilini mwake, na kuna wakati aliandika kijikaratasi cha kujikumbusha kwamba baba hayupo.

Mwaka 1980 alihamia katika nyumba ya kutunzia wazee, akawa anajifariji kwa kujaza mafumbo ya maneno. Dawa alizomeza kwa miongo mingi, hasa fenitoini, zilidhoofisha mifupa na mwendo wake. Uzeeni aliongezewa na maradhi ya kupungukiwa akili. Aliaga dunia tarehe 2 Desemba 2008 akiwa na miaka 82, na hapo ndipo ulimwengu ulipolijua jina lake. Mwaka 2009 ubongo wake ulikatwa vipande 2,401 vyembamba mjini San Diego ili uendelee kuchunguzwa.

Scoville mwenyewe aliwaonya wenzake wasiurudie upasuaji ule wa pande mbili. Leo madaktari hukata upande mmoja tu, tena baada ya picha za MRI, kipimo cha umeme wa ubongo na mitihani ya kumbukumbu. Hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, ni mojawapo ya zilizofanya upasuaji wa kifafa katika eneo letu.

Hatari haijatoweka. Anayekatwa upande wa kushoto, ambao kwa watu wengi ndio wenye lugha, aghalabu hupungukiwa na kumbukumbu ya maneno na majina. Kwa upande mwingine, kifafa kisichotulizwa nacho huila akili miaka nenda miaka rudi, na waliopona kabisa baada ya upasuaji huelekea kuhifadhi kumbukumbu zao vizuri zaidi kuliko wale wanaoendelea kuanguka.

Kwa wagonjwa walio wengi wa Kwale, safari haianzi kwa kisu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa waweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zifaazo, na baadhi ya dawa hizo, kama fenobabitoni, ni za bei nafuu. Uchunguzi wa KEMRI katika jirani zetu wa Kilifi umeonyesha kuwa wengi hawazipati au hawazimezi ipasavyo.

Ila kwa yule ambaye dawa zimemshinda na daktari akamtajia upasuaji, mzazi anayo haki ya kuuliza mambo mawili, si moja. Je, mwanangu ataacha kuanguka? Na baada ya miaka 20, atakuwa bado anakumbuka jina langu? Wazazi wa Henry hawakuwa na wa kumuuliza swali hilo la pili, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na aliyejua jibu. Leo jibu lipo, na sehemu yake kubwa imetokana na maisha ya mwana wao.