Ar-Razi, Tabibu Aliyesikiliza

Abubakar Muhammad bin Zakariya Ar-Razi alizaliwa mnamo mwaka 865 mjini Rayy, karibu na Teheran ya leo. Alisimamia hospitali ya mji huo, na baadaye ya Baghdad. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wake waliketi mbele yake safu kwa safu. Mgonjwa alieleza habari zake kwa safu ya kwanza. Wakishindwa, aliwaeleza wa pili. Na mwisho Ar-Razi mwenyewe alimsikiliza, hata akiwa fukara.

Aliandika habari za wagonjwa wake wala hakuficha upungufu wake. Abdallah bin Sawada alishikwa na homa zilizokuja na kuondoka bila mpango. Ar-Razi alisita: je, ni homa ya vipindi au kidonda cha figo? Usaha ulipotoka katika mkojo, ukweli ulidhihirika, na mgonjwa akatibiwa akapona. Ndipo tabibu akaandika kwamba alighafilika kumwuliza kama alihisi uzito kiunoni, na kwamba hakujua kuwa baba yake naye alikuwa na udhaifu wa kibofu. Alifariki mnamo mwaka 925, akiwa amepofuka.

Ndugu msomaji, hapa Dar es Salaam mchukuzi wa Kariakoo akishikwa na homa, jirani zake husema mara moja kuwa ni malaria. Huenda ndiyo, huenda siyo. Kupima damu ni lazima. Lakini damu haielezi maradhi ya baba, wala uzito wa mizigo. Hayo huyaeleza mgonjwa, akipata wa kumsikiliza.