Pyotr Kropotkin: Mwanamfalme Aliyekataa Kutawala

Maji hufuata mkondo, lakini ya Pyotr Kropotkin yalipanda mlima. Alizaliwa mjini Moscow mwaka 1842 katika ukoo wa kimwinyi uliomiliki ardhi katika majimbo matatu pamoja na watwana wapatao 1,200, wakihesabiwa wanaume peke yao kama ilivyokuwa ada ya Urusi enzi hizo. Katika kumbukumbu zake alisimulia jinsi alivyomkimbilia mtumishi mmoja aliyetoka kuchapwa viboko kwa amri ya baba yake, akataka kumbusu mkono. Mtumishi yule aliuvuta mkono wake, akamuuliza iwapo naye hangekuwa vivyo hivyo atakapokuwa mkubwa. Swali hilo halikumbanduka maisha yake yote.

Alisomeshwa katika chuo cha kijeshi cha watoto wa makabaila mjini St Petersburg, akateuliwa kumhudumia Tsar Alexander II mwenyewe. Mwaka 1862, alipohitimu na kupewa fursa ya kuchagua kikosi, wenzake walistaajabu: alichagua Wakozaki wa mto Amur, huko Siberia. Alikwenda na imani kwamba serikali ingeweza kurekebishwa kutoka juu. Aliandika ripoti kuhusu magereza na tawala za miji, zikaishia makabatini. Kwa upande mwingine, aliona jamii za wakulima waliokuwa mbali na macho ya maofisa zikilima, zikijenga na kusuluhisha migogoro yake zenyewe. Huko ndiko alikopoteza imani yake katika amri.

Kropotkin alikuwa mwanajiografia hodari, na uchunguzi wake kuhusu mpangilio wa milima ya Asia ulisahihisha ramani za wakati huo. Mwaka 1871, alipokuwa akichunguza athari za barafu nchini Ufini, alipewa wadhifa wa katibu wa Chama cha Jiografia cha Urusi. Aliukataa. Hakuona haki ya kujistarehesha kwa elimu ilhali mkulima aliyegharimia elimu hiyo hakuwa na mkate. Mwaka uliofuata alizuru Uswisi, akaishi miongoni mwa mafundi wa saa wa milima ya Jura, ambao vyama vyao havikuwa na wakubwa. Alirejea akiwa mwanakisti.

Neno uanakisti mara nyingi hufasiriwa kuwa vurumai. Kwa Kropotkin lilikuwa kinyume chake: utaratibu utokanao na mapatano ya hiari badala ya kulazimishwa. Alitoa mifano ya kawaida kabisa. Reli za Ulaya zilimfikisha msafiri nchi hadi nchi kwa makubaliano ya makampuni, pasipo serikali moja ya kuziamuru. Mashua za uokoaji za pwani ya Uingereza ziliendeshwa na watu waliojitolea kuingia baharini wakati wa dhoruba. Hoja hii aliipanua katika kitabu chake juu ya kusaidiana, kilichotoka mwaka 1902 kikimjibu Thomas Huxley, aliyeyasawiri maisha ya viumbe kama uwanja wa mapigano. Kropotkin hakukana kuwapo kwa ushindani. Alidai kwamba kushirikiana nako ni nguzo ya kudumu kwa viumbe.

Imani hiyo ilimgharimu. Alitiwa gerezani mwaka 1874, akatoroka mwaka 1876 kutoka hospitali ya kijeshi huku fidla ikipigwa katika nyumba ya jirani kumjulisha kwamba njia ilikuwa wazi. Ufaransa nayo ilimfunga hadi mwaka 1886, kisha akahamia Uingereza.

Ikumbukwe kwamba hakuwa mkamilifu. Kuhusu mtu anayekula jasho la wenziwe bila kufanya kazi, jibu lake kwamba wenzake wangemwomba aondoke ni jepesi mno. Aidha, mwaka 1914 aliunga mkono Uingereza, Ufaransa na Urusi katika vita dhidi ya Ujerumani, na marafiki wengi wakamwona ameisaliti misingi yake. Lawama hiyo ni vigumu kuifuta.

Alirudi Urusi mwaka 1917. Kerensky alimpa uwaziri, akaukataa. Wabolsheviki waliposhika hatamu, alihamia mji mdogo wa Dmitrov, na mwaka 1920 akamwandikia Lenin kupinga uchukuaji wa mateka. Alifariki tarehe 8 Februari 1921. Jamaa zake walikataa mazishi ya kiserikali.

Wanakisti wengi wakati huo walikuwa gerezani Moscow. Wenzao waliomba waachiliwe kwa siku moja wakamzike mzee wao, na baada ya mivutano mingi wachache waliruhusiwa, dhamana yao ikiwa ahadi ya kurejea tu. Walifuata jeneza pamoja na maelfu ya watu hadi makaburi ya Novodevichy, wakahutubia, wakaaga. Kisha wakarudi gerezani.