Cai Lun: Towashi wa mfalme aliyegeuza matambara kuwa karatasi

JIONI soko la mpakani linapofungwa, kinachobaki chini kwa wingi si majani ya kabichi wala maganda ya ndizi. Ni maboksi. Boksi la sabuni, boksi la biskuti, boksi la viatu lililosafiri kutoka Guangzhou hadi bandarini na kutoka bandarini hadi kwetu. Machache huokotwa na akina mama wauza mayai, mengine hutandikwa na vijana wanaolala na mizigo. Yaliyosalia huloweshwa na mvua, hukanyagwa na kugeuka uji, na asubuhi mfagiaji hulalamika kwamba uji huo haubebeki kwa fagio.

Ndugu msomaji, uji huo anaoulalamikia mfagiaji ndio uliomfanya mtu mmoja akumbukwe kwa karibu miaka elfu mbili. Aliitwa Cai Lun. Cai ni jina la ukoo, na Wachina hulitanguliza. Hutamkwa kama Tsai. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Wachina ndio waliovumbua karatasi, tukaandika hivyo kwenye daftari, tukapata vema. Hatukuambiwa kwamba mtu huyo aliianzia kwenye taka, wala kwamba alikufa kwa sumu aliyoinywa mwenyewe.

Alizaliwa Leiyang, kusini mwa China, katika eneo ambalo leo limo ndani ya jimbo la Hunan. Ilikuwa katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, China ikitawaliwa na ukoo wa Han. Mnamo mwaka 75 hivi alikuwa tayari Luoyang, mji mkuu wa wakati huo, mamia ya kilomita kutoka kwao, akitumika katika jumba la mfalme kama towashi. Towashi ni mwanamume aliyehasiwa ili aweze kuingia na kutoka katika nyumba za wake wa mfalme bila kutiliwa shaka. Hana mtoto, hana ukoo wa kuurithisha mali, na kwa sababu hiyo wafalme wengi waliwaamini matowashi kuliko ndugu zao wa damu.

Kuaminiwa huko ndiko kulikomtia matatani. Mfalme wa wakati huo, Zhang, alikuwa na malkia aitwaye Dou ambaye hakujaliwa mtoto. Mke mwingine wa mfalme, Bibi Song, alikuwa na mtoto wa kiume, Liu Qing, na mtoto huyo alikwisha kutangazwa kuwa mrithi wa kiti. Malkia Dou akaleta shtaka kwamba Bibi Song anafanya uchawi. Aliyepewa kazi ya kumhoji alikuwa kijana Cai Lun. Mwaka 82 Bibi Song na dada yake, ambaye naye alikuwa mke wa mfalme, walikunywa sumu wakafa. Mtoto Liu Qing akavuliwa urithi.

Wapo wanaosimulia maisha ya Cai Lun wakaliruka jambo hili, kana kwamba mtu aliyetuletea karatasi ni lazima awe malaika. Hakuwa malaika. Alijua anamtumikia nani, na huduma hiyo ililipwa. Mwaka 88 mtoto aliyelelewa na Malkia Dou, mwenye umri wa miaka tisa, akakalishwa kwenye kiti na kuitwa Mfalme He, na Cai Lun akapanda cheo hadi kuwa miongoni mwa wanaomhudumia mfalme kwa karibu.

Hata hivyo, historia iliyoandikwa baadaye na Wachina wenyewe inampa sifa nyingine pia. Inaelezwa kwamba hakuogopa kumweleza mfalme makosa yake hata pale uso wa mfalme ulipobadilika. Na siku za mapumziko, wakati wakubwa wenzake wakipokea wageni na zawadi, yeye alifunga mlango, akakataa wageni, akatoka kwenda mashambani kukaa peke yake juani.

Baadaye akapewa usimamizi wa karakana za mfalme, mahali palipotengenezwa panga na vyombo vya jumba. Mwaka 97 alikuwa huko akisimamia utengenezaji wa panga, na kazi zake zilisifiwa kwa ubora hadi vizazi vilivyofuata vikaziiga. Kwa hiyo tusimwone kama msomi wa vitabuni. Alikuwa mtu wa karakana, anayejua moto, maji, na mafundi wanaotaka kulipwa.

Wakati huo maandishi ya China yalikuwa juu ya vitu viwili. Cha kwanza ni vibanzi vya mianzi vilivyofungwa kwa kamba. Kitabu kimoja kilikuwa mzigo, na vitabu kadhaa vilikuwa mzigo wa mkokoteni. Cha pili ni hariri, nyepesi na nzuri, lakini bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Serikali kubwa yenye watoza ushuru, majeshi na mahakama ilikuwa ikiendeshwa kwa mianzi. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kujaza fomu tatu kwenye forodha moja ataelewa tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani.

Mwaka 105 Cai Lun alimpelekea mfalme taarifa pamoja na kitu kipya. Kilitengenezwa kwa vitu vinne: magome ya miti, mabaki ya nyuzi za hempu, ule mmea wanaousokotea kamba kama sisi tunavyofanya na katani, matambara ya nguo, na nyavu mbovu za wavuvi. Ukiacha magome, ni vitu vya kutupwa. Mfalme alifurahi, na tangu hapo kitu hicho kikaenea kote nchini kwa jina la karatasi ya Bwana Cai.

Je, yeye ndiye wa kwanza kabisa? Hapana. Mwaka 1986 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kaburi huko Fangmatan, kaskazini-magharibi mwa China, kipande cha karatasi chenye mistari ya ramani, kilichozikwa zaidi ya miaka 200 kabla ya taarifa ya Cai Lun. Kwa hiyo karatasi ya namna fulani ilikuwapo. Alichofanya yeye ni kuifanya kazi ya kutegemewa, yenye malighafi isiyo na bei, na kuipitisha mikononi mwa serikali iliyokuwa na uwezo wa kuieneza. Kwa maoni yangu hilo halimpunguzii heshima. Watu wenye mawazo mazuri ni wengi kila soko. Anayeyafikisha kwenye uzalishaji ndiye adimu.

Sasa tuingie kidogo jikoni mwake, maana hapa ndipo tunapokutana naye. Tambara, wavu na gome la mti vinaonekana tofauti, lakini ndani vimejengwa kwa nyuzi ndogo za mimea. Vikiloweshwa na kupondwa vya kutosha, nyuzi hizo huachana na kuelea majini, ukapata rojo. Watengenezaji karatasi wa China walizamisha chekeche la vijiti vya mianzi ndani ya rojo hilo, wakaliinua taratibu, maji yakachuruzika, nyuzi zikalaliana juu yake. Zikikauka hushikana zenyewe kwa zenyewe.

Boksi la viatu nalo ni nyuzi hizohizo, isipokuwa zimetoka kwenye mbao. Zimekwisha kutenganishwa na kiwanda, kwa hiyo kazi ya fundi wa nyumbani ni nyepesi kuliko ya Cai Lun. Ng'oa utepe wa plastiki na pini za chuma, acha maboksi yenye rangi ya kung'aa, chana yaliyobaki vipande vidogo kama kiganja cha mtoto, loweka usiku kucha au siku mbili. Maji ya moto huharakisha. Kisha ponda kwa mchi ndani ya ndoo ngumu au kinu kilichochakaa, ila kisiwe kinu cha kutwangia chakula, kwa sababu boksi lina gundi na wino. Utajua rojo limeiva ukichota kidogo ukatia kwenye glasi ya maji na usione vipande, bali wingu.

Likamue kwenye kitambaa. Ukilichanganya na gundi ya unga wa ngano au wa muhogo, utafinyanga bakuli, sinia, vinyago na midoli ya watoto. Ukilichanganya na saruji, kwa kadiri ya kopo moja la saruji kwa makopo mawili au matatu ya rojo lililokamuliwa, unapata zege la karatasi. Hilo ni jepesi kuliko zege la kawaida na hukatika kwa msumeno. Linafaa kwa vyungu vya maua, stuli za ukumbini, hata matofali ya ukuta wa ndani usiobeba paa. Vaa glovu, maana saruji mbichi hula ngozi. Acha likauke kivulini polepole, na usishangae likichukua wiki mbili au zaidi, kwani nyuzi hushika maji mengi. Nje kwenye mvua halidumu lisipopakwa rangi au lipu, kwa kuwa litarudia kunywa maji. Atakayekuuzia wazo la kujengea nyumba nzima kwa kitu hiki bila fundi wa kupima, mkimbie.

Turudi Luoyang. Muda mfupi baada ya taarifa ile, mwanzoni mwa mwaka 106, Mfalme He alifariki. Madaraka yakaangukia kwa mjane wake, Malkia Deng, mwanamke msomi ambaye alipopewa umalkia mwaka 102 alikataa zawadi za thamani kutoka mikoani akataka aletewe karatasi na wino tu. Mtu wa namna hiyo na Cai Lun walielewana. Mwaka 114 alimpa cheo cha ukabaila, akawa Bwana wa Longting, mwenye haki ya mapato ya kaya 300. Aliwekwa pia kusimamia wasomi waliokusanywa kusahihisha nakala za vitabu vya kale. Mtoto wa kusini asiye na ukoo alikuwa amefika mahali ambapo wengi waliozaliwa kwenye ukoo hawakufika.

Lakini Malkia Deng, katika kutafuta wa kumkalisha kwenye kiti, alikwisha kumchagua kijana mmoja wa ukoo wa kifalme, akaitwa Mfalme An. Baba wa kijana huyo alikuwa Liu Qing, yule mtoto aliyevuliwa urithi. Bibi yake, kwa hiyo, alikuwa yule Bibi Song aliyehojiwa na Cai Lun akaishia kunywa sumu.

Kwa miaka 15 kijana alikaa kwenye kiti bila nguvu, na aliyetawala kweli alikuwa Malkia Deng. Mwaka 121 malkia akafa. Mfalme An akaanza kufungua mambo ya zamani, na jambo la bibi yake likawa miongoni mwa ya kwanza. Cai Lun akaamriwa aende mwenyewe kwa mkuu wa mahakama kujibu.

Alikuwa mzee sasa, na kazi ya kuhoji watu aliijua kutoka upande wa pili wa meza. Hakwenda. Alioga, akavaa mavazi yake rasmi na kofia ya cheo, akanywa sumu. Ilikuwa imepita miaka 39 tangu kina dada Song wafanye hivyo. Cheo cha Longting na mapato yake vikafutwa.

Karatasi haikufutwa. Ilienda na wafanyabiashara na watawa wa Kibudha katika njia za misafara kuelekea magharibi. Mwaka 751 majeshi ya Waarabu na ya China yalipigana kwenye mto Talas, katika Asia ya Kati, na simulizi za Waarabu zinaeleza kwamba mateka wa Kichina ndio waliofundisha kazi hiyo Samarkand. Kabla karne hiyo haijaisha Baghdad ilikuwa na kiwanda chake, na huko nako malighafi kubwa ilikuwa matambara. Kutoka hapo ikafika Misri, Afrika Kaskazini, Uhispania, kisha Ulaya nzima. Sisi jina tulilipata kwa Waarabu: qirtas, ambalo wao walilitumia kwa mafunjo ya Misri kabla hawajaijua karatasi ya Cai Lun.

Mbao zilichukua nafasi ya matambara katika karne ya 19, na mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones akapata hataza ya karatasi yenye mikunjo ndani, mama wa boksi la leo. China yenyewe ilinunua maboksi chakavu ya Marekani na Ulaya kwa meli na meli, ikiyasaga upya kutengeneza mengine, mpaka ilipofunga mlango wa taka kutoka nje mwaka 2021. Kwetu, Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kisha Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, wasafiri wengi walijikuta mpakani wakihamisha vitu vyao kutoka kwenye rambo na kuvitia kwenye mfuko wa kaki.

Kaburi la Cai Lun linaonyeshwa hadi leo huko Longting, katika wilaya ya Yang, jimbo la Shaanxi, kwenye ardhi ileile aliyonyang'anywa. Leiyang alikozaliwa nao wana ukumbusho wao, ila mwenyewe hakurudishwa.