Henri Moissan

Ferdinand Frédéric Henri Moissan (Paris, 28 Septemba 1852 – Paris, 20 Februari 1907) alikuwa mwanakemia kutoka Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuwa mtu wa kwanza kutenga elementi ya florini. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Maisha

Moissan aliacha shule bila cheti cha kumwingiza chuo kikuu, akaanza kujifunza kazi katika duka la dawa. Baadaye alirudi masomoni. Mmoja wa walimu wake alikuwa Edmond Frémy, aliyewahi kujaribu kutenga florini bila kufaulu.

Kutenga florini

Halojeni hazilingani kwa wepesi wa kumenyuka. Klorini huondoa bromini katika chumvi zake, na bromini huondoa iodini. Florini inazishinda zote, hivyo klorini haiwezi kuiondoa. Ilibaki njia ya umeme. Hata hivyo maji hayakufaa, kwa sababu florini humenyuka nayo na kutoa oksijeni. Utafiti huo ulikuwa wa hatari: Humphry Davy aliumia, na Paulin Louyet na Jérôme Nicklès walikufa kwa sumu ya floridi ya hidrojeni.

Moissan alitumia floridi ya hidrojeni isiyo na maji, iliyopozwa sana. Kwa kuwa kiowevu hicho kikiwa safi hakipitishi umeme vizuri, aliyeyusha ndani yake chumvi ya floridi ya potasiamu. Chombo kilikuwa cha platini, na vizibo vyake vya floriti, madini ambayo tayari yana florini. Tarehe 26 Juni 1886 alipata gesi ambayo silikoni ilishika moto mara ilipoigusa.

Akademia ya Sayansi ilituma wajumbe kushuhudia, lakini siku hiyo gesi haikutokea. Moissan alikuwa ameandaa kiowevu safi mno, kisicho na chumvi ya potasiamu. Alipoiongeza, jaribio lilifaulu.

Kazi nyingine

Mwaka 1892 alibuni tanuri ya umeme iliyofikia joto la takriban sentigredi 3,500, akatengeneza kabidi za metali nyingi. Mwaka 1893 aligundua fuwele za kabidi ya silikoni katika kimondo kilichoanguka Arizona, Marekani. Madini hayo yaliitwa moissaniti kwa heshima yake.

Kifo

Alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo, miezi miwili na siku chache baada ya kupokea tuzo mjini Stockholm.