Maisha ya John Wilson, Mtetezi wa Wasioona

Umejifunza kusoma. Sasa macho yako yamepata kazi mpya. Asubuhi yanakuonyesha ndizi iliyokomaa na kahawa iliyoiva katika kibanja chako. Jioni yanakusomea kitabu hiki. Je, yakizimika leo, utafanya nini? Nani atakutibu? Nani atakupa kazi?

Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyepatwa na jambo hilo akiwa mtoto. Jina lake ni John Wilson. Alizaliwa Uingereza, lakini kazi yake ilifika mbali, hata huku kwetu Afrika Mashariki. Soma polepole. Ukifika mwisho, jadiliana na wenzako darasani.

1. AJALI SHULENI

John Wilson alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Nottingham. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa.

Mwaka 1931 John alikuwa na umri wa miaka 12. Alikuwa akisoma katika shule ya mji wa Scarborough. Siku moja wanafunzi walikuwa katika somo la kemia. Walikuwa wakifanya majaribio ya kuchanganya na kuchemsha dawa. Ghafla dawa zikalipuka. Mlipuko ule uliharibu macho ya John, yote mawili. Madaktari hawakuweza kuyaponya. Tangu siku ile hakuona tena.

Wazazi wake wangeweza kumficha nyumbani. Wangeweza kusema kwamba mtoto huyu sasa ni wa kulishwa tu. Hawakufanya hivyo. Walimpeleka katika shule ya wavulana wasioona iliyokuwa mji wa Worcester. Huko alisoma kwa vidole.

Labda unauliza, mtu husomaje kwa vidole? Maandishi hayo huitwa nukta nundu. Ni nukta ndogo zilizoinuka juu ya karatasi. Kila herufi ina mpango wake wa nukta, na nukta hizo hazizidi sita. Msomaji hupitisha kidole juu yake na kuzitambua. Aliyeyatunga ni Mfaransa, Louis Braille. Yeye naye alipoteza macho akiwa mtoto, baada ya kujichoma kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake.

John alisoma kwa bidii. Aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, akasoma sheria. Alimaliza mwaka 1941.

2. KUMBE WANAWEZA KAZI

Baada ya masomo, Wilson alipata kazi katika Taasisi ya Taifa ya Wasioona ya Uingereza. Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea. Vijana wengi walikuwa vitani. Viwanda vilipungukiwa na watu. Basi waajiri wakaanza kuwachukua watu wenye ulemavu, na wasioona wakiwamo.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo juu ya jambo hili. Kabla ya vita, watu hao walikuwa wakikataliwa kazi. Waliambiwa hawawezi. Vita vilipokuja, macho yao hayakupona. Ulemavu wao ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni haja ya mwajiri. Alipowahitaji, aliona kwamba wanaweza. Kumbe kizuizi kikubwa kilikuwa katika mawazo ya yule aliyefunga mlango.

Mwaka 1944 serikali ya Uingereza ilitunga sheria juu ya ajira ya watu wenye ulemavu. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi alitakiwa kuajiri watu wenye ulemavu. Kiwango kilichowekwa kilikuwa watu 3 katika kila 100. Kumbuka kiwango hicho. Tutakutana nacho tena mwishoni mwa somo.

Mwaka huo huo wa 1944 Wilson alimwoa Jean. Mama huyu alifanya kazi bega kwa bega na mumewe katika maisha yao yote.

3. SAFARI YA AFRIKA

Mwaka 1946 Wilson alitumwa kutazama hali ya wasioona katika nchi za Afrika na Mashariki ya Kati zilizotawaliwa na Waingereza. Safari ilichukua miezi tisa. Alijifunza mambo mawili makubwa.

Jambo la kwanza ni juu ya kazi. Wasioona wa Ulaya wengi waliishi mijini. Walifundishwa kutengeneza brashi na vikapu katika karakana. Lakini wasioona wa Afrika walikuwa wakulima, au watoto wa wakulima. Walikaa vijijini. Wengi hawakupewa kazi yoyote. Walikaa pembeni wakingoja kuletewa chakula. Wengine waliombaomba njiani. Karakana za mjini zisingewasaidia. Walihitaji kazi inayofanywa na jirani zao, yaani kulima na kufuga.

Jambo la pili lilimuumiza zaidi. Aliona kwamba wengi wa watu hao hawakupaswa kuwa vipofu. Yeye mwenyewe aliharibiwa na mlipuko, akakosa tiba. Lakini hawa waliharibiwa na magonjwa ambayo yangeweza kuzuiwa au kutibiwa. Walikosa sabuni na maji safi. Walikosa chakula bora. Walikosa dawa. Walikosa daktari. Basi Wilson akaona kwamba kuwasaidia waliokwisha kupofuka hakutoshi. Ni lazima kuzuia upofu wenyewe.

4. CHAMA CHAKE

Mwezi wa Januari mwaka 1950 alianzisha chama cha kuwasaidia wasioona katika makoloni ya Uingereza. Baadaye kilikuwa chama cha Jumuiya ya Madola. Siku hizi kinaitwa Sightsavers, na kinafanya kazi katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Wilson alikiongoza kwa miaka 33.

Mapema katika kazi hiyo, yeye na Jean walikwenda Nakong, kijiji kilicho kaskazini mwa nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Huko watu wengi walikuwa vipofu. Sababu ilikuwa nzi mdogo mweusi anayezaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Nzi huyo akimuuma mtu huingiza vijidudu vya minyoo. Vijidudu hutambaa chini ya ngozi. Vingine hufika machoni na kuyaharibu. Sisi tunauita ugonjwa huo usubi. Hapa Tanzania uko katika sehemu kama Mahenge, mkoani Morogoro.

Madaktari walikuwa na jina gumu la ugonjwa huo. Watu wa kawaida hawakuweza hata kulitamka. Jean akaupa jina jepesi la Kiingereza, lenye maana ya upofu wa mtoni. Watu wakaelewa mara moja, wakaanza kutoa michango. Unaona faida ya kutumia neno ambalo kila mtu analielewa?

Mwaka 1974 mataifa yalianza mpango mkubwa wa kuwaua nzi hao katika Afrika Magharibi. Mwaka 1987 dawa ya kumeza ya ugonjwa huo ilianza kutolewa bure.

Chama cha Wilson kilisaidia pia upasuaji wa mtoto wa jicho. Huko India na Pakistan madaktari walipiga kambi vijijini. Watu walikuja wakiongozwa na wajukuu zao. Walipasuliwa, wakarudi makwao wakiona njia wenyewe.

5. JEMBE NA MLIMA

Wilson hakuisahau kazi. Chama chake kilisaidia vituo vya kuwafundisha wasioona kilimo. Kimoja kilikuwa Salama, upande wa Mukono, kwa jirani zetu wa Uganda.

Mtu asiyeona hulimaje? Hutumia kamba iliyofungwa kati ya vijiti viwili ili mstari usipinde. Kamba ikiwa na vifundo, kila kifundo humwonyesha mahali pa kupanda. Mkono wake hutofautisha jani la mche na jani la gugu. Anaweza kufuga kuku na mbuzi. Anaweza kusuka kamba na mikeka. Pwani ya ziwa anaweza kushona nyavu, maana mvuvi hodari hupima jicho la wavu kwa vidole.

Mwaka 1969 jambo kubwa lilitokea hapa kwetu. Vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Mlima Kilimanjaro mpaka kileleni. Chama cha Wilson kiliwasaidia. Kilele hicho kina urefu wa mita 5,895. Watu wengi wenye macho mazuri hushindwa njiani. Baada ya safari ile ilikuwa vigumu kusema kwamba kijana asiyeona hawezi hata kwenda kisimani.

Wasioona wa nchi yetu nao hawakungoja kusaidiwa tu. Mwaka 1964 waliunda chama chao wenyewe, Chama cha Wasioona Tanzania, ili wadai haki zao kwa sauti moja.

6. MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 1975 Wilson alipewa na Malkia wa Uingereza heshima ya kuitwa Sir. Mwaka huo huo alikuwa rais wa kwanza wa umoja wa kimataifa wa kuzuia upofu. Alistaafu uongozi wa chama chake mwaka 1983, lakini hakupumzika. Aliendelea na shirika jingine, lililopigana na kila namna ya ulemavu unaoweza kuzuiwa.

Sir John Wilson alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1999. Alikuwa na umri wa miaka 80. Hakuziona kwa macho yake nchi alizozitembelea. Lakini watu wengi sana wanaona leo kwa sababu ya kazi yake.

7. SISI WA RUBAFU TUFANYE NINI?

Kazi ya Wilson haijaisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana shida ya kuona ambayo ingeweza kuzuiwa, au ambayo bado haijatibiwa. Wengine wako vijijini kwetu.

Tazama nyumbani kwako. Je, yuko mzee anayekaa jikoni mchana kutwa kwa sababu haoni? Usiseme ni uzee tu. Huenda ana mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna lenzi, kama kioo safi. Ikichafuka, mtu huona ukungu. Daktari huitoa na kuweka nyingine ya bandia. Mgonjwa hupigwa ganzi, hasikii maumivu. Aghalabu hurudi kuona.

Wengine husema: tungoje fedha za kahawa. Hapo pana hatari. Mtu mzima mwenye mtoto wa jicho akichelewa, mara nyingi bado anaweza kutibiwa. Lakini mwenye shinikizo la jicho akichelewa, uono uliopotea haurudi kamwe. Wewe nyumbani huwezi kuyatofautisha magonjwa haya. Kwa hiyo mpeleke mgonjwa zahanati mapema, aandikiwe rufaa ya kwenda hospitali. Na mtoto mdogo mwenye weupe katika mboni asingojeshwe hata kidogo.

Kumbuka na haya:

Osha uso wa mtoto kila siku kwa maji safi. Inzi na uchafu hueneza trakoma.

Mpe mtoto mchicha, papai, mayai na dagaa. Mpeleke apate matone ya vitamini A na chanjo ya surua.

Usitie jichoni maji ya majani, maziwa wala mkojo.

Dawa ya kunyunyizia mimea ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu. Kisha nenda zahanati.

Na yule ambaye hawezi kupona? Huyo ana haki ya shule na kazi. Huko Mugeza, Bukoba, iko shule ya mseto. Watoto wasioona husoma humo pamoja na wenzao. Nchi yetu ilitunga sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu mwaka 1982. Mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hii inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Wasipungue 3 katika kila 100. Ndicho kiwango ulichokisoma katika sehemu ya 2.

Lakini hapa kijijini ni wachache wenye wafanyakazi 20. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi. Kazi za kwetu hugawanywa na sisi wenyewe, katika ukoo, katika chama cha msingi cha kahawa na katika mtumbwi. Mtoto asiyeona asiponyimwa sehemu yake ya kibanja, atalima. Asipofichwa, atasoma. Mlango huo hatuhitaji serikali ije kutufungulia. Ufunguo tunao wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. John Wilson alipoteza macho akiwa na umri gani, na kwa sababu gani?

2. Kwa nini waajiri wa Uingereza waliwachukua watu wenye ulemavu wakati wa vita?

3. Ni mambo gani mawili aliyojifunza Wilson katika safari ya mwaka 1946?

4. Kwa nini si vizuri kungoja fedha za kahawa kabla ya kumpeleka mgonjwa wa macho zahanati?

5. Je, kijijini kwenu yuko mtu asiyeona ambaye hana kazi? Anaweza kazi gani? Nani anamzuia?

6. Darasa lenu lichague watu wawili. Waende zahanati waulize siku ambazo wataalamu wa macho hupokea wagonjwa, na hospitali gani. Watoe taarifa katika somo lijalo.